Samadi Imelala Bomani, Mkulima Yuko Dukani

Mkulima wa Murang'a au Kiambu akitaka samadi ya kutosha hulazimika kuiagiza kutoka mbali. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakipanda huko kutoka maboma ya Wamaasai wa Kajiado yakiwa yamejaa kinyesi kikavu cha ng'ombe na mbuzi, na mwenye mboga au kahawa hulipa bila kunung'unika kwa sababu anajua atakachovuna. Sasa mtazame mkulima wa Garissa. Soko la mifugo la kaunti yake ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Majirani zake wana mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Hata hivyo msimu ukifika anapanda bodaboda kwenda agroveti kuchukua mfuko wa mbolea ya DAP kwa deni, deni litakalolipwa na nyanya ambazo bado hazijaota.

Naandika nikimlenga huyo, pamoja na mwenzake wa Mandera anayelima vitunguu kando ya Mto Daua, na yule wa Wajir anayemwagilia bustani kwa maji ya kisima. Sina ugomvi na mwenye agroveti. Naye anatafuta riziki. Ninachodai ni kwamba mbolea ya mfuko, ambayo ingetosha kuwa nyongeza, tumeifanya ndiyo tegemeo, na tegemeo lenyewe tumeliacha likaushwe na jua bomani.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani Mto Tana wenyewe ndio uliokuwa ukirutubisha mashamba. Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya walilima kwa kufuata mafuriko: mto ulifurika, ukaacha tope jeusi kingoni, na ulipopungua watu wakapanda mpunga, mahindi na migomba kwenye tope hilo. Baadaye yakajengwa mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme ukapatikana, lakini sehemu kubwa ya tope lile sasa hutuama mabwawani, na mafuriko hayaji tena kwa mpangilio wa kale. Yakija kama yale ya Novemba 2023, au ya Aprili na Mei 2024, yanaondoka na pampu, mabomba na mazao kwa mpigo mmoja. Wakati huohuo pampu za maji zimetuwezesha kulima misimu ya mvua ya Gu na Deyr, na hata katikati ya kiangazi cha Jilaal. Shamba linavunwa mara mbili au tatu kwa mwaka, kila lori la matikitimaji linaloondoka linabeba sehemu ya rutuba, na hakuna anayeirudisha.

Kuna sababu nyingine pia. Wengi wanaolima leo kando ya mto walikuwa wafugaji jana. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliwaacha watu wengi bila mifugo, na aliyebaki na mbuzi wanne akatafuta robo ekari ya kumwagilia. Mtu kama huyo hakurithi kilimo kutoka kwa babu yake. Amejifunza kwa jirani na kwa muuza dawa, na muuza dawa hufundisha anachouza. Matokeo yake tuna mfugaji mstaafu mwenye ujuzi wa mifugo wa miaka arobaini, anayejua kumtambua mbuzi mgonjwa kwa mwendo wake tu, ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kile alichokuwa akikifagia zizini kila asubuhi ni mali.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazouma kwanza. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ilipita shilingi 6,000 katika maduka mengi ya Kenya. Serikali ikaleta ruzuku, mfuko ukauzwa shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ukashushwa hadi 2,500. Ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini mwaka 2024 nchi nzima ilisikia habari za mbolea bandia iliyowafikia wakulima kupitia mpango uleule wa ruzuku. Jambo la kujifunza hapo ni la kihesabu tu: bei ya mbolea yako inaamuliwa na vita usivyovijua, na ubora wake na watu usiowaona. Samadi ya jirani unaweza kuikamata mkononi, ukaivunja, ukainusa, na ukabishana bei na mwenyewe uso kwa uso.

Sababu ya pili ni udongo wenyewe, na hapa naomba subira kidogo. Udongo wa ukanda huu mkavu kwa kawaida una mboji kidogo sana, na mwingi wake una asili ya uchokaa, yaani uko upande wa alkali. Ukimwaga yurea juu ya udongo wa namna hiyo saa sita mchana, joto likiwa nyuzi 36, sehemu ya nitrojeni uliyoinunua hugeuka hewa ya amonia na kupaa kabla mmea haujaionja. Fosforasi ya DAP nayo hukutana na chokaa na kufungwa, ikabaki ardhini katika hali ambayo mizizi haiwezi kuichukua kwa urahisi. Mkulima anaona mimea imedumaa, anaongeza mfuko mwingine, na sehemu ya mfuko huo inapotea kwa njia ileile. Anayelazimika kutumia yurea angalau aifukie kina cha vidole vitatu, kisha amwagilie papo hapo.

Samadi iliyooza vizuri hufanya kazi ambayo mfuko hauwezi. Inashika maji. Kwa mtu wa Garissa hili lina uzito kuliko hata nitrojeni, kwa kuwa maji yake yana bei: ni petroli ya pampu. Udongo wa kichanga uliolishwa samadi misimu miwili mitatu hukaa na unyevu muda mrefu zaidi kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Ule mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mguu, samadi huulegeza, maji yakaingia badala ya kutiririka. Ukitaka kulipima hili, usiangalie majani. Angalia mtungi wa petroli.

Sasa onyo. Nisingependa msomaji aamke kesho akatupa kila kitu cha dukani. Sri Lanka ilijaribu hivyo: Aprili 2021 serikali yake ilipiga marufuku mbolea na dawa za kemikali kwa nchi nzima, karibu kwa usiku mmoja, bila samadi ya kutosha kuziba pengo. Mavuno ya mpunga yalishuka, chai ikaathirika, na kufikia Novemba mwaka huohuo amri ilikuwa imelegezwa. Karibu na kwetu, majaribio ya miaka mingi yaliyoanza mwaka 2007 huko Thika na Chuka yameonyesha kwamba mahindi yaliyolishwa vizuri kwa mbolea hai yanaweza kwenda sambamba na yale ya kemikali, ila viazi havikufua dafu mbele ya ukungu. Maana yake ni kwamba kila zao lina masharti yake, na udongo uliochoka huhitaji muda kurudi. Ushauri wangu ni kuanza na samadi kama msingi, ukipunguza mfuko mwaka hadi mwaka: robo katika mwaka wa kwanza, nusu katika wa pili, kisha uamue mwenyewe kwa kuangalia shamba.

Hesabu yake ni hii, nisije nikaonekana nauza ndoto. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kilo 13 za nitrojeni. Tani moja ya samadi kavu ya mbuzi, ikiwa imetunzwa, huwa na kati ya kilo 10 na 20 za nitrojeni, lakini msimu wa kwanza mmea hupata kama theluthi tu. Inayobaki hutoka polepole misimu inayofuata. Kwa hiyo ili kufikia mfuko mmoja katika msimu wa kwanza, unahitaji tani mbili hadi nne. Ni mzigo mkubwa, tena wa kuchosha. Mkokoteni wa punda ukibeba kilo 300, hizo ni safari kumi kwa wastani. Hata hivyo ndani ya safari hizo kumi umebeba pia potasiamu, fosforasi, kalisi na zinki ambazo CAN haina kabisa au inazo kidogo, na msimu wa pili unaanza ukiwa na akiba ardhini.

Samadi utaipata wapi? Pa kwanza ni maboma yaliyo karibu na malka, zile njia ambazo mifugo hupitia kwenda kunywa maji mtoni. Wakati wa Jilaal mifugo hujazana karibu na Tana, na maboma ya muda huachwa na tabaka nene la kinyesi. Pa pili ni viunga vya mji, kwenye mitaa ya bulla ambako karibu kila nyumba ina mbuzi kadhaa na taka ya zizi hurundikwa nje ya ua. Pa tatu ni machinjioni, ambako yale majani yaliyosagika tumboni mwa ng'ombe hutupwa ilhali huchangamsha shimo la mboji kuliko kitu chochote ninachokijua. Yachanganye na majani makavu mengi, uyafunike vizuri, la sivyo fisi watakutembelea.

Mazungumzo na mwenye boma huwa mafupi ukienda kwa adabu. "Abti, hii rundo la nyuma ya zizi una kazi nayo?" Mara nyingi atacheka na kukwambia uichukue, umemsaidia kufagia. Safari ya pili atakuwa ameshafikiri, na atataka kitu. Hapo kuna swali ambalo wakulima wengi wa huku huliuliza pembeni na maafisa wa kilimo hulipita kimyakimya. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kinyesi cha mnyama ni najisi, na kuuza najisi kuna kizuizi. Kuitumia samadi kurutubisha ardhi kumeruhusiwa. Njia inayowatuliza wengi ni kulipia kazi badala ya kinyesi: kukusanya, kupakia, kubeba, au kumpa mwenye boma mabua na majani ya migomba baada ya mavuno kama takrima. Muulizeni sheikh wa msikiti wenu awape jibu kamili. Ni bora kulimaliza swali hilo mapema kuliko kulibeba moyoni kila msimu.

Ukifika bomani, usichukue tu lililo karibu na barabara. Rundo lililopigwa jua miaka mitatu juu ya mchanga huwa jepesi, la kijivu, na ukiliosha kwenye ndoo utakuta nusu yake ni mchanga. Chimba pembeni utafute tabaka la chini lililoshikana, la rangi ya kahawia iliyokolea. Hilo ndilo lenye nguvu. Samadi ya ngamia huoza taratibu kuliko ya mbuzi, hivyo iponde kwanza. Ya kuku ni kali mno. Ichanganye, usiiweke peke yake.

Kisha kuna mathenge. Huu mti ulioletwa kutoka Amerika ili kuzuia jangwa, ukapandwa Baringo, Bura na kwingineko, na baadaye ukawa balaa kiasi cha wakazi wa Baringo kuipeleka serikali mahakamani, una hila moja inayomhusu moja kwa moja mtu wa samadi. Mbuzi hula maganda yake matamu, meno hayavunji mbegu, tumbo haliziui, na zinatoka upande wa pili zikiwa salama ndani ya kinyesi chenye unyevu na rutuba. Ukimwaga samadi mbichi ya mbuzi shambani, umepanda mathenge kwa mkono wako. Ivunje punje moja ya kinyesi cha mbuzi aliyelala karibu na mto na utaiona: mbegu ndogo ya kahawia, ngumu kama shanga. Hii peke yake ingetosha kuwa sababu ya kutotumia samadi ambayo haijapita shimoni.

Basi tuje kwenye shimo. Nyanda za juu hurundika mboji juu ya ardhi. Hapa kwetu rundo la juu hukauka kwa siku chache na kuwa kama nyasi za paa. Chimba chini. Upana wa mita moja na nusu, kina cha mita moja, urefu kadiri ya nguvu zako, chini ya mwembe au mwarobaini ambako kivuli kinakaa mchana. Pachague mahali pa juu ambapo mafuriko ya 2023 hayakufika. Kila mtu pale kijijini anajua maji yaliishia mti gani.

Chini kabisa weka mabua ya mahindi au vijiti vya kupitisha hewa, unene wa shubiri moja. Juu yake majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, halafu konzi chache za majivu na udongo kidogo wa juu wa shamba. Kwa majani mabichi usihangaike kutafuta mbali; mathenge yenyewe yapo, na majani yake yana nitrojeni nyingi. Kata matawi, yapige yaanguke majani, acha miiba na maganda ya mbegu nje. Majani hayo yakiwa mabichi huzuia mimea mingine kuota, ila yakioza kabisa ubaya huo huisha. Rudia matabaka mpaka shimo lijae, ukimwagia maji kila tabaka. Kiasi cha maji ndipo wengi hukosea: chukua konzi moja, ikamue, ikitoa tone moja au mawili imetosha, ikichuruzika umezidisha. Funika kwa majani ya migomba na udongo, au gunia kuukuu. Kisha choma fimbo ndefu katikati hadi chini, uiache humo.

Fimbo hiyo ndiyo itakayokwambia habari. Baada ya siku nne au tano ichomoe, uishike sehemu ya chini. Ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kuiachia, kazi inakwenda, na joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Ikitoka baridi na kavu, ongeza maji. Ikitoka baridi, imelowa na inanuka yai bovu, maji yamezidi na hewa haipiti, geuza. Geuza kwa hali yoyote baada ya wiki tatu, ya juu iende chini na ya pembeni iende katikati, na rudia tena baada ya wiki nyingine tatu. Vaa gambuti na utumie jembe uma. Nge hupenda mashimo haya, na nyoka pia, kwa hiyo mtoto asitumwe kuingiza mkono. Mbegu za mathenge zitakazoponea joto zitaota juu ya shimo kwa sababu ya unyevu; zing'oe zikiwa na majani mawili, kabla mzizi haujashuka.

Miezi miwili hadi mitatu itatosha kwa joto letu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo baada ya mvua, na huwezi kutambua lipi lilikuwa jani na lipi kinyesi. Ukiwa na shaka, panda mbegu kumi za kunde kwenye mkebe wa mboji hiyo. Zikiota na kusimama vizuri, itumie. Zikiota zikanyauka, irudishe shimoni wiki mbili.

Usiimwage shamba zima kama unavyotawanya mbegu. Jua letu litaila. Iweke shimoni, mmea unapokaa, ifunikwe. Kwa mgomba mpya debe moja lililojaa, kilo 20 hivi, likichanganywa na udongo wa juu. Kisha debe jingine kila mwaka kuzunguka shina, umbali wa mkono mmoja. Kwa tikitimaji na mpapai mchanga, kilo moja au mbili kwa shimo. Nyanya na pilipili, konzi mbili kubwa. Vitunguu haviwezi kuhudumiwa kimoja kimoja, kwa hiyo changanya toroli moja kwa kila tuta la hatua kumi kabla ya kupandikiza. Baada ya kupanda tandaza majani makavu juu ya ardhi, unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Hapa mchwa watakuja, sitakuficha. Huvutiwa zaidi na vitu vikavu visivyooza, ndiyo maana samadi mbichi huwaleta kwa wingi kuliko mboji iliyoiva. Matandazo yakishalowana na kushikana na udongo hupungua. Mahali walipozidi, ondoa matandazo kwenye tuta hilo na uendelee na mengine.

Wenzetu wa Wajir wana jambo lao la ziada. Maji ya visima vingi huko yana chumvi, na samadi nayo ina chumvi yake. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, punguza samadi hadi nusu, tumia iliyooza kabisa tu, na mara moja moja mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mvua ya Gu ikija ifungulie majaruba yako iingie.

Sasa tuzungumzie dawa, maana kemikali za shamba haziishii kwenye mbolea. Nondo wa nyanya, Tuta absoluta, aliingia Kenya mwaka 2014, na tangu hapo nimeona watu wakipuliza kila baada ya siku tatu, wakichanganya dawa mbili au tatu kwenye pampu moja, bila kinyago, na kanzu imefungwa kiunoni. Nyanya inavunwa kesho yake na kupelekwa sokoni. Chupa iliyoisha inaoshwa, na jioni inaonekana ikiwa na maziwa ya ngamia. Maji ya mfereji wa shamba hurudi Tana, na mji wa Garissa unakunywa Tana. Halafu baada ya mavuno mbuzi wanaachiliwa wale mabaki, na mtu anashangaa kwa nini wanaharisha.

Mji wa Garissa una miarobaini mingi, na matunda yake hufagiliwa kama taka. Okota yaliyoiva rangi ya manjano, ondoa nyama ya nje, kausha mbegu kivulini. Unapotaka kutumia, bangua, twanga kiini, na upime gramu 50 kwa kila lita ya maji, yaani kilo moja kwa pampu ya mgongoni ya lita 20. Ifunge kwenye kitambaa, iloweke usiku kucha, kamua, chuja, tia sabuni ya kipande kidogo iliyoyeyushwa ili ishike kwenye majani. Puliza jioni, kwa sababu jua huvunja nguvu yake na nyuki wakati huo wameshalala. Usitarajie wadudu waanguke mbele yako kama unapotumia sumu ya dukani. Mwarobaini huwakatisha hamu ya kula na kuwazuia kukua, kwa hiyo subiri siku kadhaa na urudie kila wiki. Iliyobaki usiiweke mpaka msimu ujao, na iwekwe mbali na watoto. Kuwa ya mti hakuifanyi kinywaji.

Kwa nondo wa nyanya mwarobaini peke yake hautoshi. Chuma majani yenye michoro ya funza kila asubuhi, uyatie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uuache juani. Baada ya nyanya usipande biringanya wala pilipili hoho kwenye tuta lilelile. Panda kunde, ndengu au ufuta. Kunde na ndengu hurudisha nitrojeni, ufuta unauzika, na nondo anakosa chakula. Ikibidi kununua dawa, nunua iliyosajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziheshimu hata kama dalali amefika na lori.

Haya yote ni kazi, na mtu mmoja mwenye familia hayawezi peke yake. Ndiyo maana nasema yafanywe na vikundi, na mashamba mengi kando ya Tana tayari ni ya vikundi. Mashimo matatu ya pamoja, punda wawili, zamu ya kugeuza. Mama aliye mjini asiye na shamba naye asijione ametengwa. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, ambazo zimekuwepo tangu 1991, familia zimekuza sukumawiki na mchicha kwenye magunia yaliyojazwa udongo na samadi, kokoto zikiwa zimepangwa katikati kupitisha maji. Gunia moja kando ya jiko, linalomwagiliwa maji ya kuoshea mchele, linapunguza safari za sokoni.

Kuhusu soko nitasema ukweli: Garissa hakuna atakayekulipa zaidi kwa sababu nyanya yako haikuguswa na kemikali. Ipo alama ya Kilimohai, iliyokuja na viwango vya Afrika Mashariki vya mazao hai vya mwaka 2007, lakini wanunuzi wake wako Nairobi na miji mikubwa, na kuipata kunahitaji kikundi kilichojipanga na kumbukumbu zilizoandikwa. Kwa sasa faida yako iko kwenye kile ambacho hukukinunua.

Kuna njia moja ya kuhamisha samadi isiyohitaji hata punda. Baada ya kuvuna mahindi, mwalike mfugaji alaze mbuzi wake shambani kwako usiku saba au kumi, ndani ya ua la miba linalohamishwa kila baada ya siku mbili. Wanakula mabua, wanaacha kinyesi na mkojo, na mkojo una nitrojeni ambayo bomani hupotea bure. Chagua mifugo iliyotoka malishoni kusiko na mathenge, na ulime juujuu mara tu wanapoondoka ili jua lisiile. Andikianeni masharti mbele ya wazee: idadi ya mbuzi, siku, nani atalipa mmoja akivuka ua na kula migomba. Katika Delta ya Tana mwaka 2012 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na malisho, mashamba na njia za maji vilikuwa ndani ya ugomvi ule. Mfugaji aliyekaribishwa shambani kwa siku zinazojulikana hana haja ya kukata ua usiku, na mkulima anayehitaji kinyesi chake hataziba malka. Tukirudi kwenye shimo, msimu wa Deyr ukikaribia mboji ya kwanza inapaswa kuwa imeshaiva. Kwa mazao ya Gu, anza kuchimba Disemba, na usisubiri mvua ikukute ukiwa bado unatafuta jembe.